Skaihuku imetuliza bodi lakini tairi linarukaruka: nihamie MPC?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Nasoma uhandisi mitambo, niko mwaka wa mwisho, na mradi wangu ni kudhibiti shokapu zinazobadilika ugumu kwa umeme ili abiria wasafiri kwa raha. Natumia modeli ya robo gari, yaani tairi moja na sehemu ya bodi iliyo juu yake: bodi kilo 400; tairi na vyuma vinavyokwenda nalo kilo 40; springi nyutoni 20,000 kwa mita; ugumu wa tairi lenyewe nyutoni 180,000 kwa mita. Shokapu naweza kuiweka popote kati ya 300 na 3,500, kwa kipimo cha nyutoni-sekunde kwa mita. Nilianza na skaihuku (kanuni ya kuamua lini shokapu ikaze na lini ilegee) ya kuwasha na kuzima: bodi ikatulia, lakini grafu ya mchapuko ikajaa miiba. Nikaibadili iwe ya kupanda na kushuka taratibu. Miiba imepungua, ila sasa tairi linarukaruka kuliko nilipokuwa na shokapu ya kawaida ya 1,400. Msimamizi anasema niachane na skaihuku, niende MPC, yaani udhibiti unaotabiri mwendo ujao kwa kutumia modeli. Nimsikilize?"

Jibu:

Marahaba. Msikilize, lakini si leo. Miiba na tairi kurukaruka ni mambo mawili yenye sababu mbili tofauti, na zote zinaonekana kwenye namba ulizoniandikia. Ukiingia MPC kabla hujazielewa, utatumia miezi kurekebisha vipimo vya uzito kwenye hesabu ndefu na hutajua kipi kimekuponya.

Tuanze na kile shokapu yako isichoweza. Wazo la skaihuku lilitolewa mwaka 1974 na Karnopp, Crosby na Harwood. Chukulia bodi imefungwa shokapu ambayo ncha yake ya pili imeshikwa na mbingu. Bodi ikipanda inazuiwa, ikishuka inazuiwa, na barabara haina njia ya kupitia hapo. Kwa kuwa mbinguni hakuna pa kufunga boliti, tunaigiza kwa shokapu iliyopo, ile iliyo kati ya bodi na tairi. Na hiyo haisukumi. Inapinga tu mwendo uliopo kati ya hivyo viwili, kwa nguvu nyingi au kidogo. Bodi ikiwa inapanda huku tairi linapanda kwa kasi zaidi, shokapu inabanwa, na nguvu yoyote itakayotoa itaipeleka bodi juu zaidi. Hapo cha kufanya ni kulegea. Ndiyo maana kanuni inazidisha kasi ya bodi kwa kasi ya bodi ukitoa ya tairi: jibu likiwa chanya, kaza, likiwa hasi, legea hadi mwisho. Nguvu unayoikosa kwenye nyakati za hasi huwezi kuipata kwa kanuni yoyote, hata MPC, kwa sababu haimo kwenye chuma.

Sasa miiba. Kanuni ya kuwasha na kuzima inabadili uamuzi katika nyakati mbili. Kasi kati ya bodi na tairi inapopita sifuri hakuna tatizo, kwa kuwa shokapu wakati huo haitoi nguvu yoyote, iwe ngumu au laini. Shida ni pale kasi ya bodi yenyewe inapopita sifuri. Bodi imefika kileleni, inataka kuanza kushuka, na tairi chini yake linaendelea na shughuli zake. Tuseme kasi kati yao muda huo ni mita 0.3 kwa sekunde. Wewe unaruka kutoka 300 hadi 3,500 kwa mara moja. Tofauti ni 3,200, zidisha kwa 0.3, unapata nyutoni 960 zilizozuka ghafla. Gawanya kwa kilo 400: mchapuko umeruka mita 2.4 kwa sekunde ya mraba, karibu robo ya mvutano wa dunia, kwenye kiti cha abiria, na barabara haina kosa. Huo ndio mwiba wako. Ukiiweka nguvu ifuate ukubwa wa kasi ya bodi, kasi hiyo ikikaribia sifuri na nguvu inakaribia sifuri, basi hakuna cha kuruka. Kwa hiyo badiliko ulilofanya lilikuwa sahihi, usilirudishe nyuma. Wapo wanaotibu miiba kwa kuchuja amri inayokwenda kwenye vali inayobadili ugumu wa shokapu. Miiba inalainika kweli, lakini chujio linaleta ucheleweshaji, na ucheleweshaji nitaufikia, ni adui mbaya zaidi.

Kwenye tairi hapa nikae kidogo, maana ndipo mradi wako ulipo. Kila kitu chenye uzito na springi kina kiwango cha ufifishaji, yaani cha kuua mtikisiko, ambacho kikifikiwa, kitu kinarudi mahali pake bila kuyumba. Kwa bodi yako kiwango hicho ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha 20,000 mara 400, yaani takribani 5,660. Kwa tairi, chukua springi zote mbili kwa pamoja, 200,000, mara kilo 40. Jibu ni lilelile: 5,660. Imetokea tu kwa namba ulizochagua, lakini inarahisisha kuona. Shokapu ya kawaida ya 1,400 inaipa bodi asilimia 25 ya kiwango hicho, na tairi asilimia 25. Si vibaya kwa pande zote mbili, na ndiyo maana magari ya kawaida yanakaa maeneo hayo.

Sasa tazama skaihuku yako inafanya nini bodi ikiwa imeshatulia. Kasi ya bodi ni 0.1, na ukiwa na kipimo cha skaihuku cha 2,500 inaomba nyutoni 250. Tairi limepata mtikisiko wake wa hezi 11 na kasi kati yake na bodi inafika 0.5. Nyutoni 250 gawanya kwa 0.5 ni 500. Kwa hiyo nusu ya muda shokapu iko 500, nusu nyingine iko 300. Wastani 400. Tairi limebaki na asilimia 7. Bodi imetulia sana hadi kanuni imesahau kwamba chini kuna kilo 40 zinazorukaruka na hakuna anayezishika. Kadiri skaihuku inavyofanikiwa, ndivyo inavyolitelekeza tairi. Sio hitilafu kwenye msimbo wako. Ndivyo kanuni ilivyo.

Dawa ni kuinua sakafu. Usiruhusu shokapu ishuke hadi 300 wakati wote. Kwenye lami nzuri iache ishuke. Tairi likianza kucheza, ipandishe sakafu hadi 800, ambayo ni asilimia 14, na hata 1,000. Kujua kama tairi linacheza ni rahisi: chukua ishara ya kasi kati ya bodi na tairi, ipitishe kwenye chujio la hezi 8 hadi 15, kisha uchukue ukubwa wake wa wastani kwa nusu sekunde iliyopita. Ukubwa ukipanda, sakafu inapanda. Wapo wanaotumia graundihuku, ambayo ni skaihuku iliyogeuzwa ili ilitulize tairi, wakazichanganya mbili kwa uwiano. Inafanya kazi kwenye simulesheni. Kwenye gari halisi mimi napendelea sakafu, na sababu ni ucheleweshaji.

Vali ya umeme, pamoja na sampuli na hesabu za kontroboksi, tuchukulie jumla ni milisekunde 20. Kwa bodi inayoyumba karibu na hezi 1.1, milisekunde 20 ni digrii 8 za mzunguko. Hazisumbui. Kwa tairi linalorukaruka kwa hezi 11, muda uleule ni digrii 79, karibu robo nzima ya mzunguko. Unaamuru kukaza wakati tairi linashuka, shokapu inakaza likiwa linafika mwisho wa kushuka na kuanza kupanda. Kulikimbiza tairi hatua kwa hatua kwa vali ya kasi hiyo ni kazi bure. Ni bora kuweka kiwango kimoja kinachofaa na kukiacha kikae. Shokapu za mafuta yenye unga wa chuma unaogandishwa na sumaku, zile zilizoingia sokoni na Cadillac Seville STS ya 2002, zina nafasi zaidi kwa kuwa hazingoji vali isogee. Lakini hata hizo zina koili, na umeme kwenye koili nao unataka muda wake.

Kabla hujapambana na masafa yote ya mtikisiko, kuna kipimo kimoja cha bure. Andika mlinganyo wa nguvu kwa bodi na tairi kwa pamoja. Nguvu ya shokapu na ya springi zinajifuta, kwa sababu zinasukuma bodi upande mmoja na tairi upande wa pili. Kinachobaki ni nguvu ya tairi dhidi ya barabara peke yake. Ukifuata hesabu utakuta kwamba kwenye masafa yanayotokana na 180,000 gawanya kwa 40, ambayo ni hezi 10.7, mchapuko wa bodi unategemea barabara tu. Skaihuku, MPC, shokapu ngumu, shokapu laini: grafu zote lazima zikutane hapo. Waandishi wengi wa miradi hawalijui hili, wanahangaika kushusha kilima cha hezi 10.7 ambacho hakishuki. Litumie pia kama mtihani: zichore grafu zako zote pamoja, na kama hazikutani hapo, kuna kosa kwenye milinganyo, ilimradi hukuiwekea tairi ufifishaji wake.

Raha ya abiria inashinda au kushindwa katikati, baina ya mtikisiko wa bodi na wa tairi. Kiwango cha ISO 2631-1 cha mwaka 1997 kinaeleza kwamba mtu aliyeketi anaumizwa zaidi na mtikisiko wa juu-chini wa takribani hezi 4 hadi 8. Tumbo, mgongo na mabega huitikia hapo. Nakuomba usipime mafanikio yako kwa mchapuko mtupu. Upitishe kwanza kwenye uzani wa kiwango hicho, halafu ndiyo uchukue wastani wake wa RMS (kipeuo cha pili cha wastani wa vipeo vya pili), kwa mita kwa sekunde ya mraba. Chini ya 0.315 abiria hana malalamiko. Kati ya 0.5 na 1 analalamika kiasi; ukivuka 0.8 unaanza kuingia eneo la usumbufu. Mipaka inapishana makusudi, kwa kuwa watu si sawa. Na katika eneo la hezi 4 hadi 8 shokapu laini ndiyo inayoshinda, kwa sababu kila nyutoni inayopita kwenye shokapu inamfikia abiria. Shokapu yako ya 1,400 inalipia utulivu wa bodi kwa kumtikisa mtu katika masafa anayoyachukia. Faida yote ya shokapu zinazobadilika imelala hapa: kukaza kwa ajili ya hezi 1, kulegea kwa ajili ya hezi 5, kwenye barabara ileile na sekunde ileile.

Ukitaka kuongeza kanuni, ongeza ya Savaresi na wenzake wa Politecnico di Milano kabla ya MPC. Mwaka 2005 walionyesha kwamba ukiweka mchapuko wa bodi mahali pa kasi yake katika lile zidisho, unapata kanuni inayomstarehesha abiria vizuri juu ya masafa ya bodi, lakini kwenye masafa ya bodi yenyewe ni dhaifu. Skaihuku iko kinyume chake. Basi mwaka 2007 Savaresi na Spelta wakaziunganisha kwa swichi moja: chukua mchapuko wa bodi, uupige kipeo cha pili, ulinganishe na kasi ya bodi kwa kipeo cha pili ikizidishwa kwa namba uliyoichagua, nayo kwa kipeo cha pili. Mchapuko ukizidi, mwendo ni wa haraka, tumia kanuni ya mchapuko. Kasi ikizidi, mwendo ni wa polepole, tumia skaihuku. Kwa gari lako anza na namba 12.6, yaani hezi 2 zikiandikwa kwa radiani. Mistari minne ya msimbo. Inataka sensa mbili. Itakurudishia baadhi ya miiba, kwa kuwa nayo ni ya kuwasha na kuzima, lakini utajua sasa inatoka wapi.

Umeniandikia kana kwamba kasi ya bodi unaipata bure, na kwenye simulesheni kweli unaipata bure. Kwenye gari hakuna sensa ya kasi hiyo. Kuna sensa ya mchapuko, na kasi unaipata kwa kujumlisha mchapuko kadiri muda unavyokwenda. Sensa ikiwa na kosa dogo la kudumu la 0.05, ambalo linaweza kuletwa na joto la mchana tu au gari kusimama kwenye mteremko, baada ya sekunde 10 umejumlisha kosa la mita 0.5 kwa sekunde. Kasi ya kweli ya bodi kwenye barabara ya kawaida ni 0.1 au 0.2. Kanuni yako itaamini bodi inapanda daima, na itakaza upande mmoja tu hadi gari likae chini kama limepakia saruji. Chujio moja la kuondoa masafa ya chini halitoshi, kwa sababu likishajumlishwa linabakiza kiasi cha lile kosa. Weka mawili mfululizo, kila moja kwenye hezi 0.08. Kosa la kudumu linafutika lote. Zaidi ya hapo, machujio hayo mawili yanaitanguliza ishara kwa takribani digrii 8 kwenye hezi 1.1, na vali inaichelewesha kwa digrii 8 palepale. Yanafutana. Nimeona watu wakinunua sensa za bei mbaya kutafuta kilichokuwa kinapatikana kwa kuchagua vizuri namba moja ya chujio.

Huku kwetu hakuna jaribio la maana bila tuta, kwa hiyo liweke. Tumia lile la Watts la Uingereza, urefu mita 3.7 na kimo sentimita 10, kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Mengi ya matuta yetu ni makali kuliko hilo, lakini angalau vipimo vyake vinajulikana. Tairi likigusa mwanzo wa tuta linaanza kupanda kwa karibu mita 0.9 kwa sekunde na bodi bado imetulia. Shokapu ya 1,400 hapo hapo inaisukuma bodi kwa nyutoni 1,260, mchapuko wa zaidi ya mita 3. Skaihuku inaona tairi linaikimbia bodi, inalegea hadi 300, na pigo linakuwa nyutoni 270. Tairi likivuka kilele na kuanza kushuka huku bodi bado inapanda, inakaza na kuishika bodi isirushwe. Hii ndiyo tofauti ambayo hata mtu asiyejua gari anaihisi. Ila kuna gharama: ukiwa umelegea wakati wa kupanda, sasipensheni inabanwa sana, na springi ikimaliza safari yake bodi inagonga raba ya mwisho. Mgongano huo mmoja unafuta faida yote. Kwa hiyo sensa ya kimo ikionyesha zimebaki sentimita 2 za safari, kaza polepole bila kujali skaihuku inasema nini. Na matokeo ya tuta usiyapime kwa wastani ule ule wa barabara. Kilele cha mchapuko kikizidi wastani wake mara 9, kiwango chenyewe cha ISO kinasema wastani pekee hautoshi. Toa na kilele.

Kwenye utetezi utaulizwa kama haya yapo kwenye magari. Toyota walianza na TEMS, mfumo wao wa shokapu za umeme, kwenye Soarer ya 1983, na Land Cruiser 100, ile VX tunayoiona kila siku, iliuzwa na mfumo ulioandikwa Skyhook TEMS kabisa. Yako magari mengi mitaani yenye waya juu ya shokapu na kitufe cha kuchagua ulaini ambacho mwenye gari hajawahi kukigusa. Shokapu ikichoka fundi anafunga ya kawaida, waya unafungwa kwa tepu, taa ya dashibodi nayo inawaka hadi mtu aichomoe balbu. Ukipata moja ambayo haijafikia hapo, muombe mwenye gari akuruhusu upime. Itakufaa kuliko kurasa nyingi za fasihi pitio.

Linganisha kwa haki pia. Usichukue shokapu moja ya kawaida kuwa mpinzani. Iendeshe modeli na shokapu zisizobadilika kuanzia 300 hadi 3,500, kila moja uichoree nukta: mlalo ni usumbufu wa abiria, wima ni jinsi nguvu ya tairi kwenye barabara inavyopanda na kushuka. Utapata mstari uliopinda. Kanuni yako ina thamani pale tu nukta yake inapoangukia chini ya mstari huo, upande wa kushoto. Ikiangukia juu ya mstari, ina maana kuna shokapu ya kawaida ya dukani inayofanya vizuri kuliko kompyuta yako.

Kuhusu MPC, nguvu yake ni kutabiri, na inataka kitu cha kutabiria. Robo gari lako halijui barabara inayokuja, hivyo MPC yako itakisia tu na kuishia karibu sana na kanuni ya Savaresi, kwa gharama kubwa ya hesabu. Lakini gari zima lina habari ya bure: tairi la mbele. Kama ekseli zimeachana mita 2.7, kwenye kilomita 30 kwa saa tairi la nyuma linafika kwenye tuta lilelile baada ya milisekunde 320. Kwenye kilomita 50, baada ya milisekunde 190. Hata ukitoa milisekunde 20 za vali, umebakiwa na muda mwingi wa kuiandaa shokapu ya nyuma mapema, ikiwa ni pamoja na kuiacha na safari ya kutosha kabla ya pigo. Kwa hiyo ukitaka kumfuata msimamizi wako, kazi ya kwanza ni kuongeza ekseli ya nyuma kwenye modeli, bodi iweze kuinama mbele na nyuma, ndipo ufungue kitabu cha MPC.